Bwana wa Tokosawa na Mke Aliyemwacha

Safari hii Bwana wa Tokosawa alikuja kwa miguu.

Zamani akipita barabara ile, walitangulia watu wa mikuki wakipiga kelele, "Chini! Chini!" na wakulima wakajibwaga kando ya njia, nyuso zikigusa udongo, mpaka machela yake iishe kupita. Leo hakukuwa na mkuki wala machela. Alikuwa na mtumishi mmoja aliyechoka kuliko yeye, na tope lilikuwa limempanda hadi magotini. Wanawake waliokuwa wakichuma majani ya mforosadi walimtazama, wakatazamana, wakaendelea kuchuma. Hakuna aliyeinama.

Yaya Oshika ndiye aliyemwona wa kwanza. Akaingia ndani akichechemea, akasimama penye mlango wa chumba cha viwavi wa hariri.

"Bibi, kuna mwanamume nje. Amejaa tope kama nguruwe mwitu. Anasema yeye ni mumeo."

"Sina mume," alisema Tazu bila kugeuka.

"Nimemwambia hivyohivyo. Sasa anasema ni mumeo wa zamani."

Tazu alikuwa ameshika kapu la majani. Mikono iliendelea kuchambua majani. Lakini moyo, mjinga yule, uliruka kama mbwa aliyesikia hatua za mwenye nyumba. Akaukasirikia. Miaka miwili alikuwa akiufunza adabu, na bado haukuwa na haya.

"Mwambie asubiri. Viwavi wanakula."

"Nimpe mto wa kukalia?"

"Kwani anaumwa?"

Oshika akacheka, akatoka. Tazu akatandaza majani sinia baada ya sinia, taratibu kuliko siku zote, huku viwavi wakitafuna kwa sauti kama ya manyunyu juu ya paa la nyasi. Kila jani alilitafutia mahali pake. Alipomaliza akanawa mikono, akaiacha rangi ya kijani kwenye kucha makusudi, akatoka.

Isurugi Nobuchika alikuwa amesimama kwenye sakafu ya udongo karibu na jiko, pale wanaposimama wauza samaki. Bonde zima la Tokosawa lilikuwa lake, kama lilivyokuwa la baba yake na babu yake. Hata hivyo miongoni mwa mabwana wa nchi alikuwa mdogo kiasi kwamba walipokutanika kwenye kasri la Shogun, jemadari aliyetawala nchi nzima, yeye aliwekwa karibu na mlango, penye upepo. Mwaka huo Shogun alikuwa ameanguka. Majeshi ya Mfalme Mkuu yalikuwa yakipanda kutoka magharibi, na mabwana wakubwa kwa wadogo walikuwa wakihama upande mmoja kwenda mwingine kama watu wanaokwepa paa linalovuja.

Tazu akampandisha na kumshusha kwa macho. Utosi wake, ambao desturi ilitaka unyolewe kila asubuhi, ulikuwa umeota vinyweleo kama shamba lisilo na mwenyewe. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Macho yalikuwa yaleyale, marefu, yenye huzuni ya mtu anayetaka kuhurumiwa. Zamani aliweza kuyatazama macho hayo mpaka chai ikapoa.

"Tazu," alisema.

"Hilo ni jina la nyumbani, Bwana. Wageni huniita kwa jina la baba, binti Sugaya."

Nobuchika akajipangusa tope la goti. "Umekonda."

"Mimi nimekonda. Wewe umepungua."

Nyuma ya pazia la jikoni Oshika akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

"Nimekuja kukuchukua," Nobuchika alisema. "Nimekuja mwenyewe. Sikutuma mtu."

"Kunichukua! Kwani mimi mwavuli, ulinisahau mahali?"

"Usinikejeli, Tazu. Nimetembea asubuhi nzima."

"Masikini. Na mimi siku ile nilitembea njia hiyohiyo, kwenye theluji, nimetolewa kwa mlango wa jikoni. Hukutoka hata kuchungulia. Nilisema labda anaumwa. Mpaka kesho yake nilikuwa bado nakutafutia udhuru, unaona nilivyokuwa mpumbavu?"

Nobuchika alijua, na yeye Tazu alijua, na bonde zima lilijua jinsi ilivyokuwa. Genpachi, kaka yake Tazu, alikuwa ametoroka na kujiunga na waasi wa magharibi. Wapelelezi wa Shogun wakaanza kuuliza maswali. Basi Mama Mkuu, mama yake Nobuchika, akasema mwanamke huyu atatuponza. Waziri Minobe naye akasema heri achukuliwe hatua mapema. Na Bwana wa Tokosawa, aliyekuwa ameapa mbele ya kitanda cha uzazi kwamba hatamwacha mkewe hata milima ihame, akaandika talaka ya mistari mitatu na nusu kabla ya chakula cha mchana. Mtoto wao wa kike, Fuki, akabaki. Mtoto ni wa nyumba ya baba.

"Mama yako anajua kwamba umekuja?" Tazu aliuliza.

Nobuchika akageukia jiko.

"Nakuuliza, Bwana. Mama anajua?"

"Anajua."

"Na amesemaje?"

"Amesema..." Akatazama chini. "Amesema ni wazo zuri."

Tazu akacheka. Hakucheka kwa sauti kubwa. Alicheka kidogo tu, na Nobuchika akajikunja kana kwamba amemwagiwa maji ya barafu.

"Kaka yangu anafika lini?"

"Nani kasema habari za kaka yako?"

"Kaka Genpachi anafika lini Tokosawa na jeshi lake? Usinione mshamba. Wachuma majani wanajua, hata viwavi wangu wanajua."

"Kesho," alisema kwa sauti ndogo.

"Aa! Kumbe mapenzi yako yana kalenda."

"Si hivyo!" Akapiga hatua mbele, akasimama alipoona uso wake. "Sikatai, tuko taabani. Kaka yako anaweza kuivunja nyumba yetu kwa neno moja. Mama analia, Minobe hali. Lakini si hilo tu. Nimekukumbuka. Kila jioni napita mbele ya chumba chako. Sijaruhusu mtu akitumie."

"Miaka miwili unanikumbuka, na nyumba hii iko mwendo wa asubuhi moja!"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

Akafikiri, kwa kweli akafikiri, kama mtoto aliyeulizwa swali gumu. "Kila kitu," alisema.

Jibu hilo lilimchoma Tazu mahali asipopataka. Laiti angalijitetea, angalimchukia kwa raha. Akageuza uso, akajifanya anatengeneza kuni.

"Angalau hapo hukudanganya," alisema. Kisha, kwa sauti aliyoishika kama mtu anavyoshika chungu kilichojaa hadi ukingoni, "Fuki hajambo?"

"Hajambo. Anasema sana. Anapenda figili za chumvi kama wewe."

"Anamwita nani mama?"

Nobuchika akafumba macho. "Anamwita mama yangu."

Nje, mwanamke mmoja alimwita mwenzake mashambani, wakacheka kwa jambo lao. Tazu alisikiliza kicheko hicho mpaka kikaisha. Alipogeuka, uso wake ulikuwa mkavu.

"Kesho nitakuja. Usifurahi, siji kuwa mkeo. Naja kumchukua mwanangu. Nikiisha kumshika mkono ndipo nitamwombea mtu kwa kaka."

"Mama hatakubali."

"Simwombi mama yako, nakuomba wewe." Akamtazama tena kutoka juu hadi chini. "Lo, samahani. Nilisahau kwamba wewe hupo."

* * *

Kesho yake Tazu alivaa kimono ya pamba, ileile aliyolishia viwavi. Oshika alimsihi avae ya hariri, basi angalau waone walichokitupa. Tazu akasema hawamjui mtu kwa nguo, hawamjui kwa lolote.

Farasi wa jeshi la magharibi walikuwa wamefungwa kwenye misonobari ya bustani, na mmoja alikuwa anakula kichaka cha maua ambacho Mama Mkuu hakuruhusu hata wajakazi wakisogelee. Tazu alikitazama kikitafunwa, akaona asubuhi imeanza vizuri.

Ukumbini, kaka yake Genpachi alikuwa amekaa kwenye mto wa Bwana wa Tokosawa. Alivaa suruali ya kizungu, na buti zake za tope zilikuwa juu ya mikeka. Alikuwa amenenepa kwa ushindi. Nobuchika alikaa chini yake, amepiga magoti kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu. Waziri Minobe, mzee mwenye mgongo ulionyooka na mikono iliyojaa mabaka, alikaa pembeni. Na Mama Mkuu, aliyekata nywele zake kwa ujane lakini hakukata hata uzi mmoja wa mamlaka, akanyanyuka kumpokea.

"Mwanangu!" alisema. "Karibu nyumbani. Moyo wangu ulikuwa haulali."

"Pole, Mama Mkuu. Mimi nililala vizuri."

"Bado una maneno!" Mama Mkuu akacheka kwa meno ya mbele tu. "Siku zote nilisema, Tazu ana akili."

"Ulisema nina kisirani. Ulisema kivuli changu kinachachisha mchuzi."

Genpachi akapiga paja. "Dada'ngu huyo! Keti, keti. Mambo yamekwisha kupangwa. Nyumba hii ilipeleka watu na bunduki kumsaidia Shogun. Kwa haki ningeifuta leo. Lakini damu ni damu. Wewe unarudi kuwa mke wa bwana, nyumba inasimama, na mimi napata shemeji mwenye ardhi. Umeona kaka yako alivyo?"

"Umeniuliza lini?"

"Nikuulize nini? Si ndiye uliyekuwa unamlilia?"

Tazu akamtazama kaka yake, kisha Mama Mkuu, kisha mwanamume aliyeinamisha kichwa kati yao. Wote walikuwa wamemgawa tayari, kama samaki mkubwa kwenye harusi: huyu kachukua kichwa, yule mkia. Dharau ilimpanda kooni mpaka akahisi ladha yake.

"Fuki yuko wapi?" aliuliza.

"Analala," Mama Mkuu alisema upesi.

"Na jua limepanda hivi?"

"Subiri, subiri," Genpachi alisema. "Kuna jambo moja dogo limebaki. Jeshi la Mfalme Mkuu haliwezi kuondoka mikono mitupu. Mtu alitoa amri ya kupeleka bunduki zile. Nataka jina lake, na jioni hii nataka ajipasue tumbo, kama ada ilivyo, mbele ya mashahidi. Nani alitoa amri?"

Mama Mkuu akazungusha shingo taratibu kuelekea pembeni, kama mtu anayemkumbusha mgeni kwamba chai inapoa.

Waziri Minobe akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. "Ni mimi," alisema. "Bwana wangu hakujua. Nilitumia muhuri wake bila ruhusa."

"Umesikia?" Mama Mkuu alisema. "Mzee ameungama mwenyewe. Mwanangu alidanganywa."

Tazu alikuwa na sababu zote za kufurahi. Mzee huyu ndiye aliyemletea talaka, imelazwa juu ya sinia kana kwamba ni vitafunio. Lakini alikumbuka jambo jingine pia. Siku ile ya theluji, Minobe ndiye peke yake aliyesimama penye mlango wa jikoni, kichwa wazi, mabega yakijaa weupe, mpaka yeye Tazu alipopotea kwenye kona. Hakuomba radhi. Alisimama tu.

Akamtazama Nobuchika. Uso wake ulikuwa umetulia, mzuri, mtupu, uso wa mtu wa ukoo mkubwa kwenye picha. Lakini masikio yalikuwa mekundu kama makaa.

Nani angejua maana yake ila mwanamke aliyelala naye mto mmoja? Akila keki za wali za mamaye kwa siri, masikio yalikuwa mekundu. Akisema "sikulia" baada ya kulia, yalikuwa mekundu.

"Bwana," Tazu alisema. "Masikio yako."

Nobuchika akainua mkono kuyagusa, akaushusha.

"Ni wewe," alisema Tazu. "Wewe ndiye uliyetoa amri."

"Nyamaza!" Mama Mkuu alifoka. Asali yote ikamwagika. "Mwanamke wa talaka hana mdomo katika ukumbi huu!"

"Acha nimalize, halafu nitaurudisha mdomo wangu kwa viwavi." Hakumwangalia hata mama. Alimwangalia yeye tu. "Mkeo, ulimwachia mama akufukuzie. Mwanao, ulimwachia mama akulelee. Jana umekuja kwangu, nikasema labda leo kuna mtu ndani ya nguo hizi, kumbe ni mama tena kakutuma. Na sasa hata kufa kwako unamwachia mzee wa watu, aliyekubeba mgongoni ukiwa na kamasi. Hebu niambie, Nobuchika. Katika maisha yako yote, kuna jambo hata moja ulilowahi kulifanya mwenyewe?"

Alikuwa hajamwita jina lake tangu siku ya talaka. Lilimtoka bila kuombwa, na sauti yake ikakwaruza mwishoni. Akamchukia kwa hilo pia.

"Bibi, tafadhali," Minobe alinong'ona, paji bado chini. "Mimi ni mzee. Si hasara kubwa. Niache."

"Umemsikia?" alisema Tazu. "Anakubembeleza ukubali."

Tazu alimwona Nobuchika anavyotafuta mlango wa kutokea. Macho yalikwenda kwa mama, yakarudi, yakaenda kwa bustani, yakarudi. Basi ndivyo alivyo, alijiambia. Nilikuwa nampenda mtu huyu. Akashika sakafu ili ainuke.

"Alinikataza," Nobuchika alisema.

Ilikuwa sauti ndogo mno. Genpachi akaweka mkono sikioni. "Unasemaje?"

"Minobe alinikataza. Alipiga magoti bustanini tangu asubuhi hadi jioni akinisihi nisipeleke watu. Nilipeleka mimi."

"Mwanangu, una homa—" Mama Mkuu alianza.

"Keti, Mama."

Hakupiga kelele. Lakini Mama Mkuu akaketi, si kwa kutii bali kwa mshangao, kama mtu aliyesikia birika likisema.

"Kwa nini?" Genpachi aliuliza. "Ulimpenda Shogun kiasi hicho?"

"Simjui Shogun. Nilikuwa nakaa karibu na mlango." Nobuchika hakumtazama tena mama yake. "Alikuja mjumbe wake. Aliniambia habari zangu zimefika mbali, kwamba mimi ni shujaa. Hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo. Nikatia muhuri kabla hajamaliza chai. Vijana wa bonde hili walikwenda, wengine hawakurudi. Kwa sababu ya sifa ya kikombe kimoja cha chai."

Genpachi akaangua kicheko, akacheka mpaka buti zikagonga mkeka. Tazu hakucheka. Alikuwa akimwangalia mwanamume huyu, pua ikimchuruzika, masikio yakirudia rangi yake taratibu. Hakuna ushujaa hapo. Ilikuwa aibu tupu imeanikwa juani. Lakini ilikuwa yake mwenyewe.

"Unajua nikiandika hivyo kitatokea nini?" Genpachi alisema alipofuta machozi. "Waziri akifa, nyumba inapona. Ukiwa wewe, ardhi inaondoka. Mtu mwenye cheo cha bwana hatutamuua, tuna amri hiyo. Tutakufungia kwenye hekalu huko mlimani, labda miaka, labda maisha. Jina lako litafutwa kwenye bonde hili."

"Andika."

"Fikiri vizuri, we bwana."

"Andika kabla sijafikiri."

Minobe akaanza kulia, kilio kikavu cha mzee asiyejua jinsi ya kulia. Mama Mkuu hakulia. Alimwangalia Tazu kwa chuki safi, na Tazu akaipokea kama salamu ya kwanza ya kweli aliyopata kutoka kwake.

"Umefurahi?" Genpachi alimgeukia dada yake. "Nilikuwa nakufanya mke wa bwana!"

"Ulikuwa unajifanya shemeji wa bwana. Toa buti kwenye mikeka ya watu, Kaka. Mama yetu alikulea vizuri kuliko hivyo."

Nobuchika alikuwa amekwisha kusimama. Akavuka ukumbi, akaufungua mwenyewe mlango wa karatasi wa chumba cha ndani. Nyuma yake Mama Mkuu akaruka, akamshika mkono wa nguo.

"Huyo nimemlea mimi! Huwezi kunivua nyumba na mtoto siku moja!"

"Ulimlea vizuri, Mama. Ahsante." Akaitoa mikono ya mama yake kwenye nguo, kidole kimoja kimoja, kwa upole uliomtisha mama kuliko ghadhabu. "Lakini ana mama."

Fuki hakuwa amelala. Alikuwa nyuma ya mlango, macho makubwa, amekumbatia mdoli wa karatasi. Tazu alipomwona, ulimi wote ule mkali ukamwisha. Alijiwazia siku hii mara nyingi, na kila mara mtoto alimkimbilia. Fuki hakumkimbilia. Alijificha nyuma ya mguu wa baba yake.

Nobuchika akapiga magoti. "Huyu ndiye mama yako," alimwambia. "Nilikuambia amesafiri. Nilikudanganya. Nilimfukuza."

"Kwa nini?" Fuki aliuliza.

"Kwa sababu baba yako ni mwoga."

Fuki akalitafakari neno hilo. Kisha akamtazama Tazu. "Mikono yako ya kijani."

"Nalisha viwavi," alisema Tazu. "Wapo wengi. Wanakula usiku na mchana. Unataka kuwaona?"

"Wanauma?"

"Hawaumi. Wanatekenya tu."

Mtoto akatoka nyuma ya mguu, hatua moja, halafu nyingine.

Walitoka kwa lango kubwa. Askari wa Genpachi walikuwa wanasubiri kumchukua Nobuchika, lakini walimpa muda. Hata wao waliona haya kidogo. Juu ya kizingiti, Tazu alimtazama Nobuchika kwa pembe ya jicho. Sasa ataniomba, alifikiri. Atayatoa yale macho. Alikuwa ameandaa jibu, kali, la kumkata.

Hakuomba.

"Huko hekaluni utakuwa na nani?" Tazu aliuliza hatimaye, kwa ukali, kana kwamba Nobuchika ndiye aliyechelewa kujibu.

"Peke yangu."

"Nani atakupikia?"

"Sijui. Nitajifunza."

"Wewe! Hujui hata wali unatoka wapi. Utakufa njaa wiki ya kwanza."

"Labda," alisema, na mdomo wake ukajaribu kutabasamu.

"Huniulizi kama nitakuja?"

"Sina haki ya kukuuliza."

Tazu akasonya. Alihisi ameibiwa. Miaka miwili ile dharau ndiyo iliyomlaza na kumwamsha, na sasa aliitafuta mahali pake akaona imepungua, nusu tu imebaki, na chini yake kuna kitu kilekile cha zamani, hakijafa, kinamtazama bila haya.

"Njia ya hekaluni ni mbaya wakati wa theluji," alisema, akiangalia milima na si yeye. "Mtoto hawezi kupanda. Tutakuja kiangazi. Fuki ndiye atakayekuja kumwona baba yake. Mimi nitamsindikiza tu."

"Ndiyo," alisema Nobuchika.

"Si kwa ajili yako."

"Ndiyo."

Fuki alikuwa ameinua mguu, anasubiri kuvishwa ndara zake za safari. Hakukuwa na mjakazi karibu. Nobuchika akachuchumaa, akashika kamba za majani makavu kwa vidole vilivyozoea kushika brashi na kikombe. Akafunga. Ikafunguka. Akafunga tena, fundo likawa kama jipu, mtoto akapiga hatua moja na ndara ikabaki nyuma.

"Jamani!" Tazu alisema. "Hata hili!"

Akachuchumaa mbele yake, akaupiga mkono wa Nobuchika pembeni. Magoti yao yakakaribiana. Alinusa jasho lake, harufu aliyoijua gizani. Akafunga ndara moja, taratibu: kamba ya nje kwanza, ipite nyuma ya kisigino, irudi, ivutwe. Taratibu kuliko ilivyohitajika, huku akihakikisha Nobuchika anaona kila hatua. Ilipokaza, akakunja mikono yake juu ya magoti, akaiacha ndara ya pili ilipo.

"Na hiyo nyingine," alisema, "wewe."

Nobuchika akaishika. Ulimi ulimtokeza pembeni mwa mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika. Kamba ya nje, nyuma ya kisigino, irudi. Askari walikuwa wanatazama. Kutoka ukumbini Mama Mkuu alikuwa anatazama. Akavuta, akainua macho kwake, yale marefu, lakini safari hii hayakuomba huruma. Yaliuliza kama ni sawasawa.

Tazu akaingiza kidole chini ya fundo. Likalegea.

"Fungua," alisema. "Anza upya."

Akafungua.